Mikono ya Fundi Filbert

Nachingwea,
14 Julai 2024

Kwako Rashidy,

Salaam. Mimi mzima, mama yako Dionisia mzima, na mbuzi wa jirani naye mzima, bado anakula mboga zangu.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani. Simu hainifai tena. Tangu ile homa iliyonichukua masikio sisikii kitu, hilo unalijua kuliko mtu yeyote, na herufi za meseji kwangu ni sisimizi. Nikimpa Dionisia simu anisomee, ananiandikia kwenye karatasi kwa ufupi anaoutaka yeye. Juzi ulituma meseji ndefu, nimeiona kwa macho yangu inavyoshuka, yeye akaniandikia "Rashidy anasalimia sana." Basi barua hii anakuletea Kaimu, konda wa basi. Majibu mpe yeye huyo huyo, ila bahasha ifunge kwa gundi, Kaimu unamjua mdomo wake.

Sasa nakuuliza. Uliniaga kwamba unakwenda Ruangwa mwezi mmoja tu, ubebe zege, upate bati za kuezekea nyumba ya mama yako mzazi kule Kilimarondo, kisha urudi. Mwezi umekwisha. Nimeambiwa fundi mkuu wa hapo anaitwa Fortunatus, mtu wa Songea, na kwamba zege umeshaacha kubeba, sasa unashinda nyuma yake kutwa. Ni kweli?

Mimi niko Ruponda, najenga nyumba ya mwalimu. Nimepata saidia fundi anaitwa Nuhu. Nguvu anazo, macho hana. Nikivuta sikio, yaani kamba imelegea, anakuja kunichungulia sikioni, anadhani ameingia mdudu. Nikijisugua koo, yaani udongo wa kujengea umekauka auongeze maji, ananiletea maji ya kunywa. Jana nimekunywa mpaka nikashindwa kuinama.

Mwiko uko pale pale kwenye msumari, sebuleni. Unajua ninasema mwiko upi. Ni ule niliopewa na marehemu Mzee Jonasi mbele ya mafundi wote, siku nilipopandisha kona yangu ya kwanza bila yeye kuigusa. Tangu siku ile mimi ni Filbert wa Jonasi, na yeye yuko kaburini. Wewe utakuwa Rashidy wa Filbert siku nitakayoona umefika. Umekaribia, lakini hujafika, na aliyekaribia hatoki kwenda kuonja vyungu vya watu.

Rudi.

Ni mimi fundi wako,
Filbert


Ruangwa,
21 Julai 2024

Baba Fundi, shikamoo.

Barua imenifikia, na Kaimu hajaifungua, nimekagua. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Pole kwa Nuhu. Mvumilie, hata mimi mwanzoni nilikuletea maji ya kunywa.

Usiniwazie vibaya kuhusu kuchelewa. Hili jengo ni ghorofa la maduka la tajiri mmoja wa korosho, na kazi imenoga. Kweli Fortunatus amenitoa kwenye zege. Aliniona siku moja nimeokota mwiko wa mtu aliyekwenda kula, najaribu tofali, akanisimamia nyuma bila mimi kujua. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kupaka udongo ubavuni mwa tofali namna hiyo?" Nikamtaja wewe. Akasema mzee huyo amekufundisha vizuri sana, ila amekuchelewesha.

Ana kifaa kinaitwa leza. Anakiweka katikati ya chumba, kinatoa mstari mwekundu wa mwanga unaozunguka kuta zote, na wewe unafuata mstari tu. Ule mpira wetu wa maji wa kupimia usawa, tunaovutana nao huku na huku, hapa hawaujui. Amenionyesha pia kufunga nondo za nguzo, na namna ya kusikiliza nondo kwa kuigonga kama imefungwa sawasawa. Halafu Jumatatu iliyopita alinipa kona. Nilipandisha kozi sita za tofali kabla hajaja kutazama, na alipokuja alitazama akaondoka.

Nilitamani ungekuwepo. Nilikuwa natetemeka mpaka Mwanabibi, dada mmoja wa Nandagala anayechanganya udongo, akaniuliza kama nina malaria.

Msalimie mama sana. Nitarudi, Baba Fundi, usiwe na shaka.

Kijana wako,
Rashidy


Nachingwea,
26 Julai 2024

Rashidy,

"Amekuchelewesha." Neno hilo nimelisoma nikiwa kwenye jukwaa, nikashuka, nikakaa chini, nikalisoma tena.

Mimi nimekuchelewesha. Mimi niliyekutoa kwenye kupondaponda kokoto, ukiwa hujui timazi inaning'inizwa upande gani. Mimi niliyebomoa ukuta wako wa kwanza, na wa pili, na ule wa choo cha kanisa ambao hata padri aliuombea msamaha. Fortunatus yeye akikosoa anabomoa? Au anasema tu kwa mdomo kisha anakwenda kunywa soda? Mtu asiyebomoa hafundishi, anapitisha siku.

Na hiyo leza. Mwanga ndio unaopima ukuta siku hizi? Betri ikiisha ukuta unasimamishwa wima na nani? Maji hayaishi betri. Maji yalikuwa sawa kabla Fortunatus hajazaliwa na yatakuwa sawa akishazikwa. Eti kusikiliza nondo! Umeniandikia hilo mimi, Rashidy, mtu wa kusikiliza nondo! Sitasema zaidi.

Lakini la kona ndilo limeniuma. Kona, Rashidy! Kona ndiyo nyumba yenyewe, katikati ni kujaza tu, hata Nuhu anajaza. Nilikuwa nakuwekea kona hapa Ruponda. Nilishaipanga kichwani, ile ya upande wa jua linapochomoza, nikajisemea kijana akirudi nitakaa kivulini nimwache. Sasa mtu mwingine amekupa kama anayegawa karanga.

Nijibu haya. Mnakula sahani moja? Anakuita mwanangu? Akikutuma anakutuma kwa jina au anasema "we kijana"? Nataka kujua.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Jengo hilo likiisha huyo Fortunatus wako atapanda gari aende Dodoma au popote penye ghorofa, na hatakumbuka hata ulikuwa mrefu au mfupi.

Leo nimeufuta vumbi mwiko, Nuhu akiwa anatazama. Nimemwambia huenda ukawa wake.

Filbert wa Jonasi


Nachingwea,
11 Agosti 2024

Mwanangu Rashidy,

Mimi ni mama yako Dionisia. Barua hii mzee haijui, na ukimwambia nitakukana.

Nikwambie ukweli, mume wangu ana wivu. Nimeishi naye ujana mpaka uzee na hajawahi kunionea mimi wivu wa namna hii, hata kile kipindi karani wa ghala la korosho alipokuwa ananikaribisha kiti mimi peke yangu katika foleni nzima. Ila akisikia Fortunatus, sahani inasukumwa. Anamwita "yule wa mwanga". Juzi umeme ulikatika, akafurahi, akasema sijui yule wa mwanga anafanyaje leo.

La Nuhu kupewa mwiko usilisadiki. Nuhu aliugusa tu pale kwenye msumari kwa kidole, akafukuzwa mpaka barabarani, na kesho yake ikabidi mimi niende kwao kumwomba arudi kazini.

Lakini nimekaa kuandika kwa sababu nyingine. Juzi nilimkuta nyuma ya nyumba peke yake anafanya zile ishara zenu. Anavuta sikio, anajisugua koo, anajipapasa tumbo. Nikamwandikia mchangani, unaongea na nani? Akanijibu kwa ile sauti yake kubwa asiyoijua ukubwa wake, "Najikumbusha nisisahau. Hakuna wa kunijibu."

Nimejaribu mimi kujifunza, Rashidy. Vidole vyangu vizito, na ishara zenu zote ni za saruji na kamba. Haipo ya chakula tayari, haipo ya umeniudhi. Watu wakija hapa wanampanulia midomo kama wanamlisha uji, kisha wanageuka wanazungumza na mimi. Wewe ndiwe uliyekuwa unazungumza naye kutwa nzima, na wewe ndiwe uliyeondoka.

Sikulaumu, mama yako mzazi anahitaji bati. Ila niambie kweli, huyo Fortunatus atakupa mwiko wake? Maana ukipokea mwiko kutoka mkono mwingine, humu ndani hatutakaa.

Mama yako,
Dionisia


Ruangwa,
18 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikashindwa kumaliza ugali. Nakujibu kweli tupu na nakuomba uifiche.

Ndiyo, Fortunatus amesema atanipa mwiko. Nilimsimulia mimi mwenyewe desturi ya Baba Fundi na Mzee Jonasi, akaipenda, akasema siku ya kumwaga zege la ghorofa naye atanipa wake mbele ya watu, niwe Rashidy wa Fortunatus. Nimeungoja ule wa kwenye msumari kwa miaka, na kila nikiinua macho naambiwa bado. Huyu ananipa nisiyemwomba. Nitaukataa kwa adabu gani? Na nikiukataa, nikarudi Nachingwea nikaambiwa bado tena?

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi.

Siku tulipomwaga nguzo, mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inanguruma hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu hakusikii. Mimi juu, Mwanabibi chini. Nilimwita mpaka sauti ikaisha, udongo wake umekauka na haoni. Basi mkono wangu ukapanda wenyewe ukajisugua koo. Sikukusudia, ni mazoea. Mwanabibi akanitazama, akafikiri, akaongeza maji. Mpaka jioni alikuwa anawafanyia wenzake. Sasa saiti nzima wanatumia, Mama. Kamba ikilegea watu wanavuta sikio. Udongo ukizidi maji wanajipapasa tumbo. Kukiwa na hatari juu wanajigonga utosini. Hata Fortunatus anavuta sikio. Mwanabibi ameongeza na ya kwake, anagonganisha viwiko, maana yake mifuko ya saruji imekwisha.

Nimewafundisha zote isipokuwa moja, ile ya kidole gumba chini ya kidevu. Hiyo ni ya kazi iliyokamilika isiyo na dosari. Baba Fundi hajanipa mimi hata siku moja, ningeigawa ningekuwa mwizi.

Baba Fundi akijua nimekwisha. Unakumbuka yaliyompata Kaimu alipokuwa saidia fundi wake. Aliigiza ishara mgongoni mwake, mafundi wakacheka, mzee akageuka. Kaimu akaondoka bila hata kuchukua kandambili zake, ndiyo maana leo ni konda. Mimi nimefundisha watu thelathini. Atasema nimemfanya mchezo.

Usimwambie, nakuomba.

Mwanao,
Rashidy


Nachingwea,
1 Septemba 2024

Rashidy,

Kaimu ameniambia. Aliteremka stendi anacheka, akaniandikia kwa kidole kwenye vumbi la basi: SAITI NZIMA WANAKUIGA MIKONO.

Nilimwuliza nani kawafundisha. Akaandika jina lako.

Nilidhani nimeibiwa kijana, kumbe nimeibiwa hata mikono. Nilipopoteza masikio, mafundi wenzangu walinikimbia mmoja mmoja, wakasema kufanya kazi na kiziwi ni kutafuta kuangukiwa tofali. Ukabaki wewe. Tukatafuta namna, wewe na mimi, siku baada ya siku, kila ishara ilitokana na ugomvi au ajali. Hizo zilikuwa zetu. Umezichukua ukaenda kuwachekeshea watu wa Fortunatus, ili nao wakupende.

Fadhila ya punda ni mateke.

Usirudi. Kona ya Ruponda nimeipandisha mwenyewe. Pokea mwiko wa huyo wa mwanga, najua amekuahidi, Kaimu amelisema na hilo. Uitwe kwa jina lake. Kwangu hakuna mwiko wako.

Filbert


Ruangwa,
8 Septemba 2024

Baba Fundi, shikamoo hata kama hutaipokea.

Sitajitetea sana. Hawacheki. Kaimu ndiye aliyecheka. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utaona hivyo hivyo ulivyoona.

Kuhusu maswali yako ya zamani: hatuli sahani moja. Haniiti mwanangu. Ananiita Rashidy, na siku nyingine ananiita "yule wa Nachingwea".

Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba tunamwaga zege la ghorofa. Jioni yake nitapewa mwiko. Nakuomba uje uone mwenyewe kabla hujanihukumu. Ukija, nitafanya utakavyo mbele ya watu wote. Usipokuja nitaupokea, kwa sababu siwezi kukaa katikati ya milango miwili maisha yangu yote.

Nakuheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Rashidy


Nachingwea,
5 Oktoba 2024, asubuhi

Rashidy mwanangu,

Naandika haraka, dereva wa gari la Noah ananipigia honi, huenda karatasi hii ikakufikia kabla mzee hajakufikia.

Barua yako alikaa nayo karibu mwezi mzima bila kuifungua, ameilaza na pima maji juu yake kama vile itaruka. Jana nikaiona imefunguliwa. Leo nimeamka, kitanda kitupu, na basi la kwanza la Ruangwa limekwishaondoka. Kavaa shati la kanisani.

Nimetazama ukutani. Msumari uko mtupu. Sijui amekwenda kukupa, au kuutupa njiani, au kumpiga nao Fortunatus. Alipokuwa kijana angeweza yote matatu. Jihadhari.

Dionisia


Ruangwa,
6 Oktoba 2024

Baba Fundi, shikamoo.

Ulikuwa hapa na hukuniita.

Nikueleze nilivyojua. Zege limekaribia kwisha, mimi niko kwenye kona ya mbele nasawazisha, mashine inanguruma. Nikamwona Mwanabibi anapanda ngazi na karai kichwani. Nikamwashiria sihitaji udongo. Akatua karai, ndani hamna udongo, umo mwiko. Niliujua kabla sijaushika, ule mpini uliolika upande mmoja mahali Mzee Jonasi alipokuwa anabana kidole, na wewe ukabana pale pale.

Kisha Mwanabibi akaweka kidole gumba chini ya kidevu. Akanipigia kelele sikioni, "Mzee mmoja pale chini kasema nikufanyie hivi! Ndiyo nini hii? Mbona hukutufundisha?"

Baba Fundi, nilikaa kwenye zege bichi. Suruali imeharibika. Nilipoinuka kutazama barabarani hukuwepo.

Jioni Fortunatus alikuja na mwiko wake mpya umefungwa kwenye gazeti, watu wamekusanyika. Nikamwonyesha wako. Aliugeuzageuza, akapima ncha yake kwa kidole, akasema, "Huu umejenga nyumba nyingi kuliko mimi." Halafu akatazama mkononi mwake, akatazama watu, akampa Mwanabibi ule mpya. Kumbe alikuwa anamwona siku zote anavyookota miko yetu tukienda kula. Watu walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama.

Mama ameniandikia kwamba huenda ulikuja kumpiga mtu. Niambie ulikuja kufanya nini, na kwa nini hukungoja.

Rashidy wa Filbert


Nachingwea,
9 Oktoba 2024

Kwako Rashidy,

Nimeona ulivyotia sahihi. Sawa.

Umeuliza nilikuja kufanya nini. Nilikuja kuutupa ule mwiko miguuni pako mbele ya watu wote na kusema sikujui. Maneno niliyapanga ndani ya basi kutoka hapa mpaka Ruangwa, na yalikuwa mazuri, Dionisia nimemsomea baadhi akasema heri hukuyatoa.

Nilisimama karibu na lundo la mchanga, nakutafuta kwa macho. Mara yule binti, Mwanabibi, akanitazama akajigonga utosini. Damu ikanipanda. Nikajua ndio hao wanaonifanyia mchezo, hata haya hawana, wananifanyia usoni. Lakini hakuwa anacheka. Nikatazama juu, kumbe nimesimama chini ya winchi na ndoo ya zege inapita. Nikasogea. Yeye akageukia kazi yake, hana habari na mimi.

Nikatazama, Rashidy. Mmoja juu kavuta sikio, wa chini kakaza kamba. Mwingine kajisugua koo, ndoo ya maji ikaja. Watu nisiowajua hata mmoja. Nilikuwa nimesimama katikati ya kelele zenu zote nisizozisikia, na kila kitu kilichokuwa kinasemwa pale nilikuwa nakielewa.

Udongo wa Mwanabibi ulikuwa umezidi maji. Nisingeweza kunyamaza, unanijua. Nikajipapasa tumbo. Akaangalia kwenye karai lake, akakubali, akanijibu kwa kugonganisha viwiko. Hiyo siijui, nikamkunjia uso. Akanionyesha mifuko mitupu ya saruji. Nikagonganisha viwiko na mimi, kuona kama nimeipata. Akarekebisha mkono wangu wa kushoto, akaendelea na kazi.

Basi, ni hilo tu lililotokea. Lakini hakunipanulia mdomo. Hakunishika bega. Hakunitazama kwa huruma. Mpaka naondoka hakujua kwamba sisikii. Tangu homa ile hakuna mgeni aliyewahi kuzungumza na mimi asijue.

Kona yako niliipima kwa jicho kutoka barabarani. Nilitafuta kosa kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikuwa nalihitaji, nikalikosa. Ndipo nikampa binti mwiko pamoja na ile ishara. Sikungoja kwa sababu nilimwona mtu mmoja mwenye kofia nyekundu anatoka ofisini na kitu kimefungwa kwenye gazeti, nikajua ndiye. Nilitaka wangu ukufikie kwanza. Nilimhimiza yule binti apande ngazi mbio, kisha nikaondoka kabla huyo mtu hajanisalimia, maana angenisalimia ningelazimika kumwitikia.

Bado simpendi. Usidhani wivu umeniisha, umehama chumba tu. Sasa naona wivu kwamba yeye anafanya kazi hapo kila siku na mimi nina Nuhu. Tena hilo la Mwanabibi nimelisoma mara mbili. Atakuwaje Mwanabibi wa Fortunatus wakati mikono anayosemea ni yangu? Hakupaswa kunisubiri? Mwambie viwiko vyake ni vizuri, nimeanza kumfundisha Nuhu. Dionisia naye kaishika. Jana chumvi ilipokwisha akanigongea viwiko mlangoni.

Nyumba ya mwalimu naipaua wiki ijayo. Baada ya hapo sina kazi. Muulize huyo wa mwanga kama ana nafasi ya mwashi mmoja, mtu mzima, anayekuja na mpira wake wa maji. Kona asinipe, nitajaza katikati. Na usimwambie kwamba ni kiziwi. Hapo kwenu hakuna atakayegundua.

Ni mimi,
Filbert wa Jonasi